Msiisingizie Kadari

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Walikuwa wakiwausia watu wa biashara, wenye karafuu na nguo na madeni ya dukani, wala sidhani kama walimkusudia mshairi. Lakini si siku nyingi nilikwenda Ng'ambo kumpa pole mzee mmoja mtunzi, nikakuta watu wamekaa barazani kama waliokuja matangani, ilhali ndani hamna maiti. Kilichokufa ni kompyuta. Ndani ya kompyuta hiyo mlikuwamo diwani nzima: tungo za miaka arubaini, za mapenzi na za mafumbo, za kujibizana na watunzi wenzake, na tenzi mbili ndefu ambazo hakupata kuzisoma mbele ya watu hata mara moja.

Kila aliyeingia alimshika mzee mkono akamwambia neno moja: "Ndivyo alivyopenda Mungu, sheikh. Subiri." Naye akaitikia, "Alhamdulillahi." Ilipofika zamu yangu nami nikalisema neno lilo hilo, kwa kuwa sikuwa na jingine, na kwa kuwa lilinisitiri aibu nitakayoieleza hapa chini. Leo nataka kulirudisha neno lile. Diwani ile haikuchukuliwa na kadari. Ilichukuliwa na uzembe wa watu wanaojulikana, na mmoja wao ndiye mwandishi wa makala haya.

Tuufanye uchunguzi kwa utaratibu. Tungo zile zilikuwamo katika daftari za skuli kumi na saba, kwa mwandiko wa mkono wa mzee. Mjukuu wake, kijana mwema anayejivunia babu yake, alizipiga chapa zote katika kompyuta, kazi iliyomchukua zaidi ya mwaka. Siku alipomaliza nyumba ilifurahi. Na kwa kuwa sasa kila kitu kimo ndani ya mashine, daftari zikatolewa kabatini kupisha vyombo, zikaenda kwa muuza njugu. Hebu msomaji aitie akilini picha hiyo: beti za mtu mzima zimesokotwa pembe, zimetiwa njugu, zimeuzwa, zimetupwa. Hilo ndilo kosa la kwanza, nalo lilitendwa kwa furaha.

Kosa la pili lilikuwa kuuamini umeme. Kisiwa chetu hakina udhuru katika jambo hili. Sote tunaukumbuka mwaka 2008, waya wa kutoka bara ulipoharibika mwezi wa Mei na Unguja ikakaa gizani takriban mwezi mzima. Na zaidi tunalikumbuka giza la Disemba 2009 hadi Machi 2010, tulipojifunza upya kusoma kwa kandili. Hata katika siku za kawaida umeme huja na kwenda, na mara nyingi kinachodhuru si kwenda kwake bali ni kurudi kwake kwa kishindo. Ongeza hapo hewa yetu ya chumvi na unyevu, inayokula chuma cha baiskeli kwa msimu mmoja, seuze vyuma vyembamba kama nywele vilivyomo ndani ya kompyuta. Siku moja umeme ulirudi, mashine haikuwaka.

Kosa la tatu ni la kuhuzunisha kuliko yote. Akaitwa fundi. Mjukuu hakuwapo. Fundi aliuliza kama mna kitu cha maana ndani, na aliyekuwapo nyumbani akajibu kwa nia njema kwamba anataka mashine ifanye kazi tu. Basi fundi akabadilisha kilichoungua, akaisafisha diski yote, akapandisha programu mpya. Mashine ikapona, diwani ikafa. Laiti wangalijua kwamba kompyuta isiyowaka si lazima diski yake iwe imekufa! Aghalabu kilichoungua ni sehemu ya kupitisha umeme tu, ilhali diski i nzima, na mtu anaweza kuichomoa akaisoma kwa kompyuta nyingine. Laiti wangalijua pia kwamba, katika diski za kizamani zenye sahani ya kuzunguka, faili lililofutwa halitoweki papo hapo. Mahali pake huhesabiwa kuwa patupu tu, na maandishi hubaki pale mpaka yaandikwe mengine juu yake. Ndiyo maana aliyefuta kwa bahati mbaya huambiwa aache mara moja kuitumia mashine. Katika diski mpya zisizo na sahani, hata nafasi hiyo ndogo huenda isipatikane.

Kosa la nne ni langu. Miezi sita kabla ya siku ile, kijana yule alinijia na flashi ndogo, akaniomba niipokee nakala ya babu yake niiweke kwangu. Nilikuwa nimeshavaa viatu, natoka. Nikamwambia: "Kesho, mwanangu." Kesho ile haikufika. Flashi akaifuta akaitumia kwa kazi zake za skuli. Kunakili kungenichukua muda mfupi kuliko ule nilioutumia baadaye kusubiri zamu yangu ya kutoa pole.

Basi huo ndio mnyororo. Nani ataniambia kuwa pingu zake zilifuliwa mbinguni? Tumefundishwa tangu chuoni kwamba ngamia hufungwa kwanza, kisha mtu akatawakali. Wapo Waswahili, hasa wa upande wa Kenya, waiitao kompyuta ngamizi. Neno hilo limenikaa vizuri sikioni, kwa kuwa ndani yake nasikia kungamia, yaani kupotea na kuangamia. Tuseme basi: mfunge ngamizi, kisha tawakali. Mvuvi wetu hawezi kuiacha ngalawa bila nanga wakati wa kusi, asubuhi akaikosa, kisha akawaambia wenzake kuwa Mungu hakupenda. Wangemcheka ufuoni. Mshairi afanyapo jambo lilo hilo, tunamletea kahawa na halua.

Najua hoja zitakazoletwa dhidi yangu, kwani nimezisikia barazani. Ya kwanza ni ya wale wasemao kwamba ushairi wa Kiswahili haukai katika mashine wala karatasi, unakaa kifuani. Na shairi zuri halipotei, maadamu watu hulishika kwa moyo. Hoja hii ina heshima yake, na wenye kuitoa humtaja Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840, ambaye mashairi yake yalibaki midomoni mwa watu. Ni kweli. Lakini tuisimulie habari yake mpaka mwisho. Mashairi yale yangalikuwa wapi leo, lau Mwalimu Sikujua bin Abdallah asingalikaa chini akayakusanya kutoka kwa waliokuwa bado wanayakumbuka, na W. E. Taylor naye akayaandika na kuyafasiri? Karatasi zile zilifika London, na diwani ikachapishwa na William Hichens mwaka 1940, miaka mia moja baada ya mtunzi kufa. Kifua kiliyahifadhi mashairi yale kwa muda. Kalamu ndiyo iliyoyaokoa. Na yale ambayo katika miaka ile waliyakumbuka waliokwisha kufa, hatutayajua kamwe, wala hatuna hata njia ya kujua ni mangapi.

Na Muyaka alikuwa mshairi wa mji mzima. Mashairi yake yalisemwa sokoni na ngomeni, yakajibiwa, yakaimbwa. Mzee wetu wa Ng'ambo alikuwa na tenzi mbili ambazo hakuna sikio lililozisikia ila lake. Kifua gani kitazihifadhi?

Ukitazama vizuri utaona kwamba wazee wetu hawakutegemea kifua peke yake kama tunavyowasingizia. Walikuwa wanakilishi wakubwa. Utendi wa Tambuka, uliotungwa Pate na Bwana Mwengo, unaohusishwa na mwaka 1728, haukuvuka karne tatu kwa sababu karatasi yake ilikuwa ngumu. Mchwa, nondo na unyevu wa Lamu na Pate havimjui Bwana Mwengo. Ulivuka kwa kuwa watu waliuandika tena. Mwana Kupona binti Mshamu alimtungia binti yake mmoja, na leo utendi wake tunao sote kwa sababu ulinakiliwa ukasomwa na watu wengine zaidi ya yule binti. Muhammad Kijumwa wa Lamu, mtunzi, mchongaji na bingwa wa khati, alizinakili tenzi nyingi kwa mkono wake, na nakala zake zimo hata leo katika maktaba za Ulaya. Twaona uchungu kwamba zimo huko, na uchungu huo ni wa haki. Lakini tujiulize pia: laiti hakuna aliyezinakili, zingekuwa wapi? Zisingekuwa huku wala huko.

Kwa wanakilishi wale, kuandika utendi mara ya pili kulikuwa ni siku nyingi za kuinama, wino, kalamu ya mwanzi na macho yanayouma. Sisi tumepewa chombo kinachonakili diwani nzima kabla kikombe cha kahawa hakijapoa, nasi ndio tunaobaki na nakala moja. Huo si upungufu wa nyenzo. Ni upungufu wa adabu kwa kazi zetu wenyewe.

Hoja ya pili ni ya wenye kuogopa wizi. Mtunzi hatoi nakala kwa mtu yeyote, kwa hofu kwamba atayasikia mashairi yake katika tarabu ya watu wengine bila jina lake. Hofu hii haitoki hewani. Sisi sote tunaijua mifano. Lakini dawa yake ni kinyume cha hiyo mnayoinywa. Shairi lililo mahali pamoja halina shahidi. Atakapolichukua mwizi, utamwonyesha nani kwamba lilikuwa lako? Shairi lililokwisha kutumwa kwa mhariri, kwa rafiki wawili na kwa mtoto wa dada aliye Muscat, pamoja na tarehe yake, lina mashahidi wanne. Washairi wetu wa zamani walilijua hilo, ndiyo maana wengi walijitaja jina na mji katika beti za tamati. Tena mwizi wa kuogopwa kuliko yule wa beti ni mwizi wa kompyuta yenyewe, ambaye hata hapendi mashairi. Ataivunja dirishani, ataiuza kwa bei ya samaki, na mnunuzi ataifuta yote bila kusoma hata kichwa cha shairi.

Hoja ya tatu ni ya vijana, nayo ndiyo inayotisha kwa kuwa inafanana na ukweli. Wanasema: "Mzee, hayo ni mambo ya zamani. Zetu zimo winguni." Nawajibu kwanza kwamba wingu hilo halina mvua wala mbingu. Ni kompyuta za watu wengine, zilizowekwa katika jengo, katika nchi yenye moto na mafuriko kama yetu. Tarehe 10 Machi 2021, jengo moja la mitambo ya namna hiyo liliungua katika mji wa Strasbourg, Ufaransa, na waliokuwa hawana nakala pengine walipoteza walivyokuwa navyo. Mwaka 2019 Myspace, uliokuwa mtandao mkubwa wa wanamuziki, ulikiri kuwa nyimbo zilizowekwa humo kwa takriban miaka 12 zimepotea wakati wa kuhamisha mitambo. Hao ni matajiri wenye mafundi wa kila aina. Usimkabidhi tajiri amana yako yote kwa kuwa tu nyumba yake ni kubwa.

Pili, wingu nyingi hufuata kioo: ukifuta faili katika simu, nalo hufutika huko, virusi vikiliharibu nyumbani, nakala iliyoharibika hupanda juu na kukaa mahali pa ile nzima. Baadhi yao huweka kilichofutwa kwa siku chache, kisha hukiondoa. Kioo si akiba. Kioo hukuonyesha ulivyo sasa, ilhali akiba hukurudishia ulivyokuwa jana.

Tatu, na hili halizungumzwi, wingu lina mlango na mlango una nywila. Mshairi akifa na nywila yake kichwani, diwani yake huzikwa pamoja naye, kwa tofauti moja tu, kwamba kaburi lake watoto watalijua liliko. Google ilitangaza mwaka 2023 kwamba akaunti ya mtu binafsi ikikaa miaka miwili bila kutumika inaweza kufutwa pamoja na vilivyomo. Miaka miwili ni muda ambao familia zetu nyingi hazijamaliza hata kugawana kiwanja. Tunaandika wasia wa minazi na mikarafuu. Nani ameandika wasia wa tungo zake, akamtaja mrithi na kumwachia ufunguo?

Msidhani kwamba mambo haya yameanza na kompyuta. Mwezi wa Disemba 1922 mwandishi wa Marekani Ernest Hemingway, akiwa bado kijana asiyejulikana, alikuwa Lausanne, na mkewe Hadley alikuwa akimfuata kutoka Paris. Kwa mapenzi yake alimchukulia kazi zake zote katika sanduku moja, maandishi ya asili pamoja na nakala zake za kaboni. Katika kituo cha treni cha Gare de Lyon sanduku likaibiwa, wala halikuonekana tena. Nakala zilikuwapo! Lakini zilikuwa zimelala kitanda kimoja na asili. Hadithi moja iliokoka kwa kuwa ilikuwa imeshatumwa kwa mhariri, na nyingine kwa kuwa ilikuwa imesahauliwa ndani ya mtoto wa meza. Nami kila nionapo mtunzi ametia kompyuta mpakato na flashi yake ya akiba katika mkoba mmoja, akapanda nao boti ya kwenda Dar es Salaam, hulikumbuka sanduku la Hadley.

Wapigapicha wa siku hizi, ambao hasara ya namna hii huwavunjia riziki, wanayo kanuni iliyoenezwa na mwenzao wa Marekani, Peter Krogh: nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili, na moja yao iwe nje ya nyumba. Tatu, mbili, moja. Ina mizani yake, na mshairi hatashindwa kuishika. Kwa hali yetu ya visiwani nitaifasiri hivi. Nakala ya kwanza ni hiyo unayoifanyia kazi. Ya pili iwe katika diski ya nje, isiyochomekwa ila wakati wa kunakili, ili kishindo cha umeme na virusi visizipate zote mbili kwa siku moja. Ya tatu ikae mbali na paa lako: winguni, au kwa ndugu wa Pemba, Mombasa au Muscat, au vyote viwili. Flashi iwe ya kubebea, isiwe ya kuhifadhia. Ni ndogo, hupotea mfukoni, na huokota virusi katika kila duka la kuchapishia. Sidii za kuandikiwa nyumbani, tulizozisifu sana miaka ile ya 2000, wengi tumeshaziona zikikataa kusomeka.

Naongeza la nne, na hapa vijana watacheka: karatasi. Kila mwisho wa mwaka chapisha tungo zako zote, zishone, tia tarehe, ziweke ndani ya kasha. Karatasi haihitaji nywila wala programu, wala haiulizi umeme upo au haupo. Daftari kumi na saba zilizouzwa kwa muuza njugu zilikuwa ndiyo akiba bora kuliko zote katika nyumba ile, na hakuna aliyejua.

Tena nakala ambayo haijafunguliwa haijulikani kama ni nakala. Ifungue mara mbili kwa mwaka, usome shairi moja la mwanzo na moja la mwisho. Na faili lipe jina la mtu mwenye akili, lenye mwaka na kichwa cha shairi. Nimeona katika kompyuta ya mtunzi mmoja mkubwa mafaili matatu yaitwayo "mwisho", "mwisho kabisa" na "mwisho huu hasa", naye mwenyewe hajui lipi ndilo la mwisho.

Lakini sitaki lawama hii imwangukie mtunzi peke yake. Vyama vyetu vya ushairi vina mwenyekiti, katibu na mshika fedha. Mshika fedha huulizwa kila mkutano kuhusu shilingi elfu ishirini za chai. Nani huulizwa kuhusu tungo? Kila chama kimchague mshika tungo, mtu mwaminifu, mwenye orodha ya watunzi na nakala ya kazi zao kwa ridhaa yao, asiyeruhusiwa kutoa ubeti mmoja bila idhini ya mwenyewe. Awe na kazi ya kugonga milango ya wazee, hasa wale wasiojua hata pa kubonyeza. Mzee wa miaka themanini hana deni la kujua diski ni nini. Deni hilo ni letu sisi tunaokaa miguuni pake, tukafaidi, tukanukuu, tukapata sifa kwa kumjua.

Mzee yule sasa anajaribu kuzikumbuka. Kila baada ya sala ya alasiri mjukuu huketi naye, na juzi walikuwa wamefikia mashairi kumi na moja. Mengine huja na ubeti wa kwanza na kina cha mwisho tu; mzee hutikisa kichwa, akasema wacha, tutalirudia. Tenzi mbili hazijarudi hata ubeti. Kumi na moja hayo ninayo mimi, anayo mjukuu, na yamo katika daftari mpya ndani ya kasha la bibi. Nilikwenda kuyachukua mwenyewe, na safari hii sikusema kesho.

Kwa hiyo nawaomba, wapenzi wa ushairi, mtakapoitwa tena kwenye matanga ya namna hii, msimshike mtu mkono mkamtajia kadari. Muulizeni nakala ya pili iko wapi, na kama hana, mwulizeni jirani yake, na rafiki yake, na chama chake. Kisha rudini nyumbani kabla umeme haujakatika.